Seti ya geji ya presha ya petroli kwa gari za K-Jetronic: nyota nne, ya tano imepotelea kwenye hozi

Nianze na mateso kwanza ndio mtanielewa kwa nini nalisifia hili dude kama vile nimelizaa mimi. Nina sedani ya mwaka 1982, silinda nne, ya K-Jetronic (mfumo wa zamani wa kunyunyizia petroli bila kompyuta), injini haijawahi kufunguliwa, na kwa karibu mwaka mzima ilikuwa na tabia moja ya kishenzi. Asubuhi ufunguo mmoja tu inaitika, silensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) imetulia, unaendesha nusu saa safi kabisa halafu inakata. Haitoi moshi, taa haiwaki, inajivuta mara mbili tatu kama mtu anayetaka kupiga chafya halafu kimya, uko katikati ya barabara na hazadi. Unakaa dakika 10, 15, unapiga stata inawaka kama hakuna kilichotokea. Halafu wiki mbili haifanyi tena. Ukiipeleka kwa fundi inanguruma pale saa zima bila kukosea, kama mtoto aliyelia usiku kucha halafu mbele ya daktari anacheka.

Vitu nilivyobadilisha kabla ya kununua geji: plagi, waya za plagi, kofia ya distribyuta, rota, koili, filta ya mafuta mara mbili, na pampu ya mafuta. Yote hayo ni ramli, fundi anasikiliza anakuna kidevu anasema "itakuwa koili hiyo mkuu". Na ubaya wa ugonjwa wa kuja na kuondoka ni kwamba kila spea unayofunga inaonekana imeponya! Unafunga koili, siku tano gari haizimi, unamshukuru fundi unampa na ya soda, siku ya sita uko pembeni ya barabara tena. Kumbe koili haikufanya kitu, ugonjwa ulikuwa likizo.

Sasa kuhusu geji yenyewe. Nilikosea mara ya kwanza, nikanunua ile seti ya kawaida ya gari za injekta za umeme, ina adapta kibao na mlio mzuri wa kubana, nimeifikisha kwenye gari hakuna hata adapta moja inayoingia. K-Jetronic ni mnyama mwingine. Ni mfumo wa Bosch uliotoka mwaka 1973, Porsche 911 T ilikuwa ya kwanza kuja nao, na hiyo K ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya mfululizo, kwa sababu injekta zake hazifungi na kufungua kwa umeme, zinanyunyiza muda wote injini ikiwa inazunguka. Hewa inayoingia inanyanyua sahani fulani, sahani inasukuma pistoni ndogo ndani ya distribyuta ya mafuta (ile ya chuma yenye vipaipu vinavyokwenda kwa kila injekta), pistoni ikipanda mafuta yanaongezeka. Hakuna kompyuta hapo, kila kitu ni presha. Kwa hiyo ukitaka kuuliza huu mfumo unaumwa nini unauuliza kwa presha, na presha zenyewe ziko mbili: ya mfumo, ambayo kwenye gari nyingi za namna hii inacheza kwenye bar 5 na kitu, na ya kontroli, ile inayokandamiza pistoni kutoka juu, injini ikiwa ya baridi iko chini, ikishapata moto inapanda kwenye bar 3 na nusu hivi. Gari za injekta za umeme za enzi hizo, L-Jetronic na jamii yake, zinatembea na bar 2.5 mpaka 3 basi. Ndio maana seti za kawaida hazitoshi hapa, unahitaji ile yenye valvu katikati.

Hii niliyonunua mara ya pili ni hiyo. Ndani ya boksi kuna geji ya bar 0 mpaka 10, hozi mbili, valvu ya kufunga na kufungua, na mfuko wa adapta za nyuzi tofauti. Unaifunga kati ya distribyuta ya mafuta na regyuleta ya kupashia moto (ile inayopanga presha ya kontroli). Valvu ikiwa wazi unasoma presha ya kontroli, ukiifunga unasoma ya mfumo. Raha yake ni kwamba kwa kuzungusha mkono mmoja unapata majibu mawili bila kufungua kitu tena.

Adapta zimekatwa vizuri, nyuzi zimeingia kwa vidole bila kulazimisha, hiyo kwangu ni alama kubwa kwa sababu distribyuta ya mafuta ukiharibu nyuzi zake umelia. Geji nimeilinganisha na nyingine ya jamaa yangu mmoja, zimepishana kwa kama bar 0.1, sio mbaya, ila mistari yake imebanana, ukisoma presha ya kontroli ambapo hata bar 0.2 ni habari, unajikuta unakodoa macho. Ningependelea wangeweka uso wa geji mkubwa zaidi hata kama boksi lingenenepa.

Siku ya kwanza nikapima gari ikiwa imesimama. Mfumo 5.3, kontroli ya moto 3.6, nikazima injini nikaiacha na kuangalia inashikilia kiasi gani, baada ya dakika 20 bado ilikuwa juu ya 2. Hiyo ya mwisho watu wengi wanairuka na ni makosa, kwa sababu gari hizi zina akyumuleta karibu na pampu ya kushikilia presha baada ya kuzima, ikichoka presha inaanguka yote, petroli inachemka kwenye paipu za moto na gari inakataa kuwaka mpaka ipoe. Dalili yake inafanana sana na ya kwangu ila ile inakataa KUWAKA, yangu ilikuwa inazima ikiwa inakwenda. Kwa hiyo namba zote zilikuwa nzuri na mimi nikanuna, mgonjwa yuko kwa daktari anacheka tena.

Hapo ndipo nikaamua niendeshe nayo. Na hapa nisikilizeni vizuri, geji ya petroli HAIINGII ndani ya gari, hata dakika moja, ni petroli iliyobanwa, hozi ikichomoka unaoga moto. Nimeilaza nje juu ya kioo cha mbele, nimeibana na waipa na gundi ya karatasi, hozi imetoka kwenye upenyo wa nyuma ya boneti, na kizimamoto kiko miguuni kwa abiria. Na hapa sasa ndipo hozi yao ilinikera. Ni fupi! Imefika kwenye kioo kwa kuvutwa, ingekuwa injini ya silinda sita sijui ningefanyaje. Ukinunua kifaa cha kutafuta ugonjwa unaotokea barabarani, hozi ifike mahali ambapo dereva anaona jamani. Tena ukiwa unaendesha valvu lazima iwe wazi, ukiisahau imefungwa presha ya kontroli inapanda mpaka ya mfumo, pistoni inakandamizwa, mafuta yanakuwa machache hewa nyingi, gari inakohoa halafu unadhani umeukamata ugonjwa kumbe ni wewe. Nimefanya hivyo. Valvu haina alama yoyote ya wazi wala funga, nimeweka mwenyewe kwa rangi ya kucha.

Siku mbili nimezunguka na lile dude kwenye kioo watu wananishangaa. Siku ya tatu, dakika ya 40 hivi, likatokea. Na siri yote iko kwenye mpangilio wa nini kilianza. Rilei ya pampu (swichi ya umeme inayowasha pampu) kwenye gari hizi inasikiliza mapigo ya koili, injini ikisimama inakata pampu ili ukipata ajali petroli isiendelee kumwagika. Maana yake hata kama tatizo ni moto wa plagi, injini ikizima tu pampu nayo inazima na presha inashuka, kwa hiyo mtu akikwambia "nimeona presha imeshuka basi ni mafuta" bado hajakwambia kitu. Swali ni nani kamtangulia mwenzake. Mimi nimeona mshale unaondoka 3.6 injini bado inavuta, umefika 3, chini ya 3, ndio injini ikapiga chafya mbili ikanyamaza. Presha imetangulia. Kelele zote za koili na rota zikaisha hapo hapo, kwa sekunde kama nne.

Mshale haukwenda sifuri, ulisimama juu ya 2 kidogo ukatulia, akyumuleta inashikilia na injekta zimejifunga. Hiyo nayo ni habari, ingekuwa kuna paipu inavuja au valvu ya kuzuia mafuta kurudi kwenye pampu imekufa, isingetulia pale. Kwa hiyo njia za mafuta ni nzima, pampu tu ndio imeacha kusukuma. Na pampu ilikuwa mpya.

Geji kazi yake iliishia hapo na naomba msiidai zaidi, haijui umeme. Nikatoa waya kutoka kwenye umeme wa pampu nikafunga taa ndogo kwenye dashibodi. Safari iliyofuata taa imezima kwanza, halafu mshale, halafu injini. Nikachomoa rilei nikaunganisha njia namba 30 na 87 (umeme unapoingia na unapotoka kwenda kwenye pampu) kwa waya wenye fyuzi na swichi karibu na mkono wangu (swichi ni lazima, ukiunganisha hivyo ile kinga ya ajali haipo tena, usiifanye ndio maisha), nimeendesha saa moja na nusu, mshale umekaa 3.6 kama umechorwa.

Nimefungua kava la rilei, kwa macho haina kitu. Kwa kioo cha kukuzia, kwenye risasi ya kuchomelea ya miguu miwili kuna duara jembamba jeusi, ufa, unazunguka mguu kama pete. Ikipata joto inaachia, ikipoa inagusa. Nikairudisha kwenye gari, silensa, nikaipuliza na mashine ya kukaushia nywele, dakika tatu haikufika gari ikazima. Nikaacha ipoe ikawaka. Nikarudia mara nne maana nilikuwa siamini, mwaka mzima nimenyanyaswa na kitu cha ukubwa wa kiberiti. Nimechomelea upya, nikafunga, nikanunua na mpya ya akiba iko kwenye droo ya dashibodi. Miezi minne sasa haijazima hata mara moja, na safari hii siyo likizo kwa sababu ugonjwa niliuwasha na kuuzima kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa malalamiko mengine. Hakuna washa za akiba za shaba (pete za kuzibia viungo) ndani ya boksi, na kila ukifungua kiungo cha K-Jetronic washa inatakiwa mpya, mimi kiungo kimoja kilitoa jasho la petroli siku ya kwanza nikalazimika kusimamisha kila kitu. Kikaratasi cha maelekezo ni picha mbili na onyo la kuvaa miwani, namba za presha hakuna kabisa, lazima uwe na kitabu cha gari lako kwa sababu kila injini ina jedwali lake na regyuleta yenyewe ina namba yake. Na haina namna ya kupima ujazo. Presha inaweza kuwa nzuri pampu ikiwa imechoka, kwenye gari nyingi za mfumo huu unategemea kama lita 1 kwa sekunde 40 kwenye paipu ya kurudishia, hiyo utapima na chupa na saa, geji haihusiki.

Nani anunue? Mwenye K-Jetronic yoyote, hata kama gari haiumwi, pima leo uandike namba zako ikiwa nzima, siku ikiumwa una cha kulinganisha. Mwenye L-Jetronic au injekta nyingine za umeme asinunue hii, achukue ile ya kawaida yenye kiungo cha umbo la T, rahisi zaidi na utapata presha yako moja unayoitaka. Na kama gari yako inakohoa muda wote, siyo mara moja moja, anza na vitu vya bure kwanza, hozi za hewa zilizopasuka hasa, mfumo huu hewa ikiingia nyuma ya sahani bila kupimwa inavurugika yote.

Nyota nne. Kama kuna mtu anajua wanakouza hozi ndefu ya petroli yenye nyuzi hizi hizi, anistue.