Kuinama au kununua rimu nyepesi: kipi kinashusha muda wako?

Washkaji wa baiskeli hapa Dodoma, kama umebana hela ya rimu za kaboni ili upunguze kilo moja, subiri kwanza. Kwenye mbio za kupambana na saa, njia ya tambarare, ukifika spidi ya kilomita 40 kwa saa nguvu yako nyingi inaishia kwenye kusukuma hewa, na kinachozuia hewa zaidi ni mwili wako sio baiskeli, halafu ukitaka spidi mara mbili hewa peke yake inakudai nguvu kama mara 8, sasa kilo moja hapo inakuokolea sekunde chache tu. Mlimani ndo rimu nyepesi zinalipa, mfano ukipanda kule Bereko.

Kuinama ni habari nyingine kabisa, maana mwili ukishuka chini hewa inapata pa kukugonga padogo. Mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond alifunga usukani wa kulalia viwiko siku ya mwisho ya Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, kwenye kilomita 24.5 tu akamzidi mpinzani wake Fignon, aliyekuwa anaongoza, sekunde 58, akachukua taji la mbio nzima kwa tofauti ya sekunde 8!

Ila usiiname kwa pupa. Ukishuka sana magoti yanagonga tumbo na nguvu inapotea, so anza na dakika tano tano, viwiko vikae karibu, kichwa chini ila macho barabarani. Na upepo wetu huu wa ubavu wa kuelekea Chamwino, malori yakipita rudisha mikono kwenye breki tafadhali, hapo sekunde ziache ziende.