Feeder kwenye simu yangu: kufuatilia blogu za watu na kusimamia ya kwangu

Nina blogu ya mapishi huko Blogspot, na ninafuatilia blogu za wenzangu pamoja na tovuti za habari. Kutegemea mitandao ya kijamii iniletee vitu vipya nimeshaacha, maana yenyewe ndiyo inayoamua nione nini. Sasa natumia Feeder, programu ya Android ya kusoma milisho ya RSS. Ni ya bure, haina matangazo, wala haikuombi barua pepe ili ufungue akaunti.

RSS ni ya tangu 1999. Tovuti hutoa faili dogo linaloorodhesha machapisho yake mapya, na kisomaji chako hulipitia kila baada ya muda. Wengi waliitupa pale Google walipofunga Google Reader, kisomaji chao cha RSS, Julai 2013, lakini milisho yenyewe haikwenda popote. BBC Swahili wanao, kila blogu ya Blogspot inao isipokuwa mwenyewe kauzima, na za WordPress kadhalika.

Kuongeza tovuti ni rahisi: unabandika anwani, Feeder inautafuta mlisho yenyewe. Ikishindwa, malizia kwa mkono. Kwa Blogspot ongeza /feeds/posts/default mwisho wa anwani, kwa WordPress ongeza /feed/. Na hili wengi hawalijui: blogu ya Blogspot ikichanganya siasa, mpira na mapishi, unaweza kufuata lebo moja tu. Andika /feeds/posts/default/-/Mapishi, basi vya mpira havikufikii. Herufi kubwa na ndogo ziandike kama mwenye blogu alivyoziandika.

Kilichonikamata zaidi ni upande wa bando. Nimeiwekea ipakue kwa Wi-Fi pekee, na kwa blogu ninazozipenda nimewasha ile sehemu ya kuvuta makala nzima. Nikitoka kwenye Wi-Fi, makala ziko ndani ya simu, nasoma kwenye daladala data ikiwa imezimwa. Picha ndizo zinazogoma wakati mwingine, maana si zote zinazokuja bila mtandao.

Kasoro ipo. Simu nyingi za bei nafuu huziua programu zinazofanya kazi chinichini, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya betri uiruhusu Feeder, la sivyo utafungua ukute habari za juzi. Tena, kwa kuwa hakuna akaunti, simu ikiibiwa orodha yako imekwenda nayo. Toa nakala ya OPML, yaani faili lenye orodha ya milisho unayofuata, mara kwa mara, ni faili moja tu, ujitumie kwenye barua pepe.

Kwa anayeanza blogu, faida nyingine ni kwamba unajiona kama msomaji anavyokuona. Jifuate mwenyewe. Mimi kuna blogu moja ya biriani nzuri sana, ila mlisho wake unaishia hapa: “Vitunguu vikishakuwa vya kahawia, epua, kisha…” Kwisha. Mwenye blogu ameweka mlisho mfupi, na sidhani kama anajua. Kwenye Blogger, yaani huduma unayoendeshea blogu ya Blogspot, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya mlisho wa tovuti, chagua kamili. Watakaokuambia ufupishe ili watu wabofye wanawaza matangazo. Mimi nawaza mtu aliyeshika mwiko.

Vichwa navyo. Katika orodha ya Feeder, “Habari za leo wapendwa” haimwambii mtu chochote, ila “Mkate wa kumimina bila oveni” unafunguliwa. Kirekebishe kichwa kabla ya kuchapisha, kwa sababu Blogger hutengeneza kiungo kutokana na kichwa cha mwanzo, na ukibadilisha kichwa baadaye kiungo hubaki vilevile.

Usajili wa barua pepe, kama unao, pakua orodha ya wasomaji wako uitunze mwenyewe. Huduma ya barua pepe ya FeedBurner, ambayo blogu nyingi za Blogspot ziliitegemea, ilisitishwa 2021, na ambao hawakupakua orodha walianza upya. Nakala ya blogu yenyewe inapatikana hukohuko kwenye Mipangilio ya Blogger.

Feeder naipa nne kwa tano. Wenye iPhone hawataipata, ila NetNewsWire inafanya kazi hiyohiyo na ni bure pia.