Bastola ya joto ya sh 35,000 na Prado iliyotaka kunilia milioni tatu

Mnaikumbuka ile bastola ya kupimia joto tuliyokuwa tunaelekezewa usoni mlangoni wakati wa korona? Ninayoizungumzia hapa ni ndugu yake, ya kigereji. Inasoma mpaka nyuzi 380 na ina mwanga mwekundu wa kulengea. Niliinunua Makoroboi, hapa Mwanza, kwa sh 35,000, nusu kwa shida na nusu kwa ubishi.

Prado yangu ni ya 1999, dizeli, injini ya 1KZ, gia otomatiki. Kila Alhamisi napeleka mzigo Sengerema. Miaka yote tuliyokuwa tukivuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo, giaboksi haikuwahi kunisumbua. Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa Juni 2025, nikashangilia kama watu wengine, na wiki chache baadaye taa ya A/T OIL TEMP, ile ya kuonya kuwa oili ya giaboksi imepata joto kupita kiasi, ikaniwakia nikiwa katikati yake, maji kushoto, maji kulia. Nikajikongoja hadi Busisi, nikaegesha, nikaweka P na kuiacha injini ikiunguruma. Baada ya dakika kumi hivi taa ikazima. Alhamisi iliyofuata, mchezo uleule.

Nilichelewa kung'amua kitu ambacho sasa nakiona wazi. Zamani foleni ya kivuko ndiyo iliyokuwa ikiipumzisha gari. Ugonjwa ulikuwepo siku nyingi, ila Kigongo ulikuwa unapata usingizi.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Walichungulia oili kwenye kijiti, wakaiona imekuwa kahawia, hukumu ikatoka palepale: "Giaboksi imekwisha hii, bosi. Tafuta ya mtumba." Milioni mbili na laki nane, ufundi mbali. Kile kifaa cha kuchomeka na kusoma kwenye simu nilishakijaribu. Kwa gari la umri huu kiligoma hata kuunganika.

Basi nikanunua bastola. Siku ya kwanza karibu niitupe ziwani. Nimetoka kuendesha, nikalenga bomba la oili linaloingia chini ya rejeta, ikaniambia nyuzi 46. Nikaligusa bomba kwa kidole na nikajuta.

Aliyenifundisha kuitumia ni mzee mmoja fundi wa Igoma. Aliitazama, akaniuliza, "Bomba lenyewe linang'aa?" Linang'aa. Akaenda kwa mama ntilie wa jirani, akarudi na masizi ya chini ya sufuria, akayachanganya na tone la oili na kupaka vidole viwili vya bomba. Tukapima tena palepale penye weusi: 118. Hizi bastola za bei yetu zimepangwa kwa vitu visivyong'aa. Ukilenga chuma cheupe zinasoma kidogo mno, maana zinapokea pia joto la vitu vya jirani linaloakisiwa kama kwenye kioo. Kwenye boksi hili halikuandikwa, au limeandikwa kwa Kichina. Na kile kidoa chekundu kisikudanganye, ni cha kulengea tu. Eneo linalopimwa ni pana kuliko kidoa na linazidi kupanuka ukirudi nyuma, kwa hiyo bomba jembamba lazima usogee karibu kabisa. Angalia feni.

Tukapaka na bomba la kurudi. 57. Nikafurahi, nikamwambia mzee rejeta inapoza vizuri kweli, oili inaingia 118 inatoka 57!

Akacheka. "Kijana, uji ukimiminika tone moja moja lazima ufike umepoa. Swali ni unafika kiasi gani."

Akachomoa mpira wa kurudishia, akauelekeza kwenye chupa ya maji ya lita moja, akaniambia niwashe gari. Kwa hali ya kawaida, alisema, chupa hiyo ijae ndani ya nusu dakika hata injini ikiwa haikanyagwi. Yangu ilitoa kamba nyembamba kama mkojo wa mgonjwa. Dakika ikapita, chupa haijafika nusu. Akanizimisha haraka ili giaboksi isibaki kavu. Kama unajaribu nyumbani hapo usizubae, na oili hiyo inaunguza.

Kosa lilikuwa mpira wenyewe, kipande kisichofika sentimita 30. Kuna fundi zamani aliweka mpira wa maji mahali pa mpira wa oili. Mpira wa namna hiyo haupatani na oili, unavimba. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Mzee alipoupasua kwa kisu, tundu lililobaki lilitosha kijiti cha kiberiti. Ningefunga giaboksi ya mtumba kwenye mpira uleule, nayo ingeiva.

Mzee hakuishia hapo, na hilo nalo nililipenda. Aliunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya plagi ya uchunguzi ya gari, kwa kipande cha waya, ili kompyuta ya giaboksi itaje makosa yake kwa kupepesa taa. Taa ya O/D OFF ikapepesa kwa mwendo mmoja bila kukatika, yaani hakuna kosa lililohifadhiwa. Akashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi: kwenye sumaku tope laini la kijivu, la uzee, hakuna chembe zinazong'aa. Tukaenda nayo barabara ya Usagara, nikashikilia mafuta palepale huku nikigusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto. Mshale wa mizunguko ukapanda, nikaachia ukashuka. Akasema lokapu inashika, yaani ile kufuli ya ndani ya konveta, sehemu inayopitisha nguvu za injini kwenda giaboksi. Ingekuwa haishiki, hiyo nayo inapika oili safarini.

Mpira sahihi sh 15,000. Oili mpya tulimwaga na kujaza mara tatu kwa siku tofauti, kwa sababu ukifungua dreni, oili nyingi hubaki ndani ya konveta. Chupa sasa inajaa kwa sekunde 22. Alhamisi iliyopita nilisimama Busisi makusudi, nikapima bomba la kuingilia penye masizi: 86. Oili ndani ya bomba huwa na joto zaidi kidogo ya hapo, hilo nalijua, lakini taa haijawaka tena.

Kuhusu bastola yenyewe: nyota nne. Moja naikata kwa ajili ya maelezo, na mfuniko wa betri umeshavunjika. Mama watoto ameigundua pia. Anapimia mafuta ya mandazi, anasema yakifika 175 hayakosei, na sasa bastola hainirudii mpaka Jumatano usiku.