Njia ya Kiti cha Magurudumu Iliyojazwa Makreti ya Soda: Uzoefu Wangu Mji Mkongwe

Laiti mkahawa ule usingekuwa na njia ya kupitisha kiti cha magurudumu, ningesikitika kidogo kisha ningekwenda zangu, maana sisi tunaotumia viti hivi tumeuzoea Mji Mkongwe wa Zanzibar na vizingiti vyake, baraza za mawe zinazobana vichochoro, na ngazi zinazoanzia mlangoni. Kilichonikasirisha ni kwamba njia ipo. Imejengwa kwa saruji ubavuni mwa jengo na ina upana wa kutosha, lakini siku tuliyofika mimi na mdogo wangu, majuma kadhaa yaliyopita, ilikuwa imejazwa makreti ya soda kutoka chini hadi juu, na juu ya makreti yameanikwa matambara ya kudekia. Nilikuwa nimepiga simu kabla ya kuondoka Dar es Salaam, na aliyepokea alinihakikishia kwamba nitaingia bila shida yoyote.

Mdogo wangu alimwomba kijana mmoja wa pale ayaondoe, naye aliitikia vizuri na kuanza kuinama. Hapo ndipo meneja alipotoka, akamzuia, kisha akamwambia mdogo wangu, wala si mimi: "Dada, huyu mgonjwa wako vijana watambeba tu, ni ngazi tatu hizi." Mimi si mgonjwa. Nilimjibu mwenyewe: "Kaka, sihitaji kubebwa, nahitaji kupita kwenye njia yenu." Aliendelea kumtazama mdogo wangu kana kwamba ni yeye aliyesema.

Nataka wenye mikahawa waelewe kwa nini nilikataa. Vijana wenye nia njema hukamata kiti pale mkono unapofika kwa urahisi, yaani kwenye viegemeo vya mikono au sehemu ya kuwekea miguu, na katika viti vingi sehemu hizo zimeundwa ili zichomoke. Kikichomoka kiegemeo kimoja katikati ya ngazi, anayeanguka ni mimi. Na hata wasiponiangusha, mimi ni mwanamke mtu mzima niliyekuja kula chakula cha mchana. Sitaki kunyanyuliwa na wanaume nisiowajua, gauni likipanda magotini, mbele ya wateja wote.

Meneja alisema pia kwamba mji huu ni wa urithi wa dunia na majengo yake hayaguswi. Ni kweli kwamba Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini hakuna aliyemwomba aguse ukuta. Tulimwomba aondoe makreti. Njia salama huhitaji takribani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, kwa hiyo ngazi tatu zenye jumla ya kimo cha sentimita 45 hudai zaidi ya mita tano za saruji. Aliyeijenga alitufikiria na akatoa fedha zake, na anayesimamia leo ameigeuza stoo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inayataja wazi maeneo ya utalii.

Hatimaye yule kijana aliyahamisha makreti meneja alipoitwa jikoni, na kazi yenyewe ilikwisha upesi kuliko yale mabishano. Lazima niseme haki: pweza wa nazi waliyenipikia alikuwa laini, rojo lake zito, limekolea ndimu na pilipili bila kuzidi. Kwa chakula hicho na kwa kijana huyo, nilikuwa tayari kuwasifu.

Jioni tukaenda Forodhani, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na sakafu yake ni tambarare mahali pengi. Msongamano ulinisumbua, na meza za samaki ziko juu kiasi kwamba sikuona kilichopangwa mpaka nilipoletewa sahani niitazame. Hata hivyo muuza juisi ya miwa aliinama kidogo, akanitazama usoni, akaniuliza mimi: "Dada, nikutilie tangawizi na ndimu?" Nilifurahi mno. Ndipo nilipotambua jinsi mchana ule ulivyoniumiza, kwa kuwa heshima niliyopewa pale haikumgharimu muuzaji hata senti.

Kwa hiyo nayafuta maneno niliyoyakusudia kuhusu mkahawa ule. Pweza hafuti kuitwa mgonjwa. Kama unatumia kiti cha magurudumu, usiende kwa sasa, na kama lazima uende, usiulize katika simu iwapo wana njia. Uliza kama iko wazi saa hiyohiyo, na umwambie anayekujibu aende akaitazame. Siku nitakaposikia kwamba makreti yamehama na meneja yule anazungumza na mteja mwenyewe, nitabadilisha maoni haya, na pengine nitarudi kumla tena yule pweza.