Nilikwenda kukagua Premio na kimashine changu mkononi: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndicho kila mtu ananiuliza kwanza. Kimashine hiki cha kusoma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 95,000, muuzaji alianzia 120,000. Ni kile cha waya: kioo kidogo cha rangi, vitufe vichache, na plagi pana ya pini 16 unayochomeka chini ya usukani. Hakina betri, kinatumia umeme wa gari yenyewe. Jina lake silitaji kwa sababu halina maana. Madukani vimejaa vya sura hiyohiyo vikiwa na nembo tofauti, na kazi vinayofanya ni moja.

Kabla yake nilikuwa na kile kidude cha bluetooth cha 25,000 kilichoandikwa ELM327, jina la chipu ya ndani yake. Kampuni ya Kanada iliyotengeneza chipu hiyo, Elm Electronics, ilifunga shughuli zake mwaka 2022, na vingi vya bei ya chini vinavyouzwa mitaani ni nakala. Changu kilikuwa kinasoma dakika mbili, kinakata. iPhone ya mdogo wangu haikukiona kabisa, maana vile vya bluetooth ya zamani havielewani na simu hizo. Nyumbani unavumilia. Ukiwa umesimama juani kwenye uwanja wa mtu, dalali anakukodolea macho na simu inazungusha kiduara tu, unajiona mjinga. Ndiyo maana nikahamia kwenye waya.

Sasa Premio, ile Toyota niliyotaka kuinunua. Ya mwaka 2008, injini ya 1.5, namba D, iko Tabata nyumbani kwa mwenyewe, mzee mmoja mstaafu. Bei ya kuanzia milioni 14.5. Dalali alinipokea getini: "Dada, hii gari ni ya kuwasha na kuondoka. Mzee haitoi nje hata mvua ikinyesha." Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, na kila nilipouliza swali dalali alimjibu yeye. Mdogo wangu hajui hata boneti inafunguliwa wapi.

Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikapapasa chini ya dashibodi upande wa goti la kulia, nikalipata tundu, nikachomeka. Switchi nikaiweka on bila kupiga stata. Watu wengi hapo hukimbilia kusoma makosa. Mimi nilifungua kwanza data za moja kwa moja, mstari wa joto la maji ya injini, kwa sababu mzee alikuwa ametoka kuniambia gari haijawashwa tangu jana jioni.

Kioo kikaandika 74.

Joto la hewa inayoingia kwenye injini lilikuwa 41. Gari iliyolala usiku kucha namba hizo mbili zinakaribiana, na zote zinakaribiana na joto la nje, ambalo asubuhi ile halikufika hata 30. Nikamwambia, "Samahani mzee, hii injini ina moto." Akamtazama dalali. Dalali akasema kijana aliisogeza kidogo tu kivulini. Nyuzi 74 hazipatikani kwa kusogeza gari kivulini. Hapo gari imeunguruma robo saa au zaidi, na anayekupashia gari injini kabla hujafika mara nyingi hataki uisikie ikiamka baridi.

Ndipo nikasoma makosa. Mafundi wanaziita kodi (si ile ya TRA), yaani herufi na namba kama P0420 ambazo kompyuta ya gari huhifadhi inapoona jambo haliendi sawa. Kimashine kikajibu hakuna hata moja. Dalali akapiga makofi. "Si nilikwambia?"

Kama ningekuwa mnunuzi wa mwaka juzi, ningeishia hapo na ningelipa. Kufuta kodi ni kazi ya sekunde kumi, kimashine hiki hiki kinaweza. Lakini ukifuta, kuna vitu viwili vinafutika pamoja nazo na mfutaji hana uwezo wa kuvirudisha. Cha kwanza ni majaribio ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe: inapima masega ya kwenye sailensa (yale yanayosafisha moshi), inapima sensa za oksijeni, na mengineyo. Yakishafutwa yanaanza upya, na ili yakamilike gari inahitaji kuwashwa ikiwa baridi, kutembea mjini, kwenda mwendo mmoja barabara kuu, wakati mwingine siku kadhaa. Cha pili ni hesabu ya kilomita tangu kodi zifutwe. Kwenye kimashine changu unaingia ukurasa wenye alama ndogo ndogo: kijani ni limekamilika, jekundu bado. Premio ya mzee ilikuwa na wekundu kwenye masega na kwenye sensa zote za oksijeni. Kilomita tangu kufutwa: 6.

Nikauliza kwa adabu kama kuna fundi aliyeishika gari juzi juzi. Hapana, ila walibadilisha betri, akasema dalali. Sawa, kuchomoa betri nako kunaweza kufuta hizo kumbukumbu, kwa hiyo jibu lake halikuwa la kijinga. Tukafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ule unga mweupe kama chumvi ya mawe, umejaa hadi kwenye nati, hakuna spana iliyogusa pale kwa miezi. Hata mdogo wangu alicheka.

Sikugomba. Nilimwomba mzee aendelee kuitumia gari yake kama kawaida, asifute kitu, nami nirudi Jumamosi asubuhi na fundi. Dalali akaguna: "Dada, unanunua gari au unaposa?" Mzee mwenyewe akakubali, na kwa hilo namheshimu.

Katikati ya wiki nilikwenda Kinondoni kuona Toyota IST ya 2003, na huko kimashine kiliniaibisha. Nimechomeka, switchi on, kikatafuta, kikatafuta, kikasema hakiwezi kuwasiliana. Dalali wa huko naye akaja na yake: "Kimekosa ugonjwa, kitasema nini?" Ukweli ni kwamba Marekani walilazimisha utaratibu mmoja wa kupimia magari kuanzia ya mwaka 1996, Ulaya wakafuata 2001 kwa magari ya petroli, lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yalichelewa kuingia kwenye utaratibu huo. Ndiyo maana gari nyingi tulizonazo za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina tundu la umbo lilelile la pini 16 ila zinaongea lugha nyingine. Ukiwa unawinda gari za umri huo, kimashine cha bei yangu usikitegemee. Fundi wangu alichukua kipande cha waya, akaunganisha tundu namba 4 na 13, akawasha switchi, na taa ya injini ikaanza kupepesa haraka haraka kwa mapigo yaliyolingana, yaani hakuna kosa lililohifadhiwa. Ni ujanja wa Toyota za zamani. Usiujaribu kama huna uhakika na namba za matundu, kwa sababu namba 16 ina umeme wa betri muda wote. IST yenyewe niliiacha kwa sababu ya kutu chini ya sakafu, jambo ambalo hakuna mashine iliyohitajika kuliona.

Jumamosi tukarudi Tabata saa moja asubuhi. Maji 28, hewa 27. Hii sasa ndiyo gari iliyolala. Kilomita tangu kufutwa 58. Fundi akapiga stata, ikawaka, na mara moja ukaona usukani unatetemeka na mlio unakatika: pu-pu-pu, kimya kidogo, pu-pu. Inamisi. Kimashine kikatoa P0302, silinda namba 2 haiwaki sawasawa.

Hapa ndipo napenda kusisitiza kwa wanaonunua hivi vitu wakidhani vinataja kifaa cha kubadilisha. Havitaji. P0302 inaweza kuwa plagi ya cheche, koili inayoipa plagi hiyo umeme, nozeli ya mafuta, hata mgandamizo wa injini kupungua, na kati ya la kwanza na la mwisho kuna tofauti ya mamilioni. Fundi hakubuni. Alizima, akang'oa koili ya silinda namba 2 akaihamishia namba 3, ya namba 3 akaileta namba 2, akafuta kodi, tukaizungusha gari hadi kituo cha mafuta na kurudi. Kodi ikarudi ikiwa P0303. Ugonjwa umeifuata koili. Dakika 20 kazi yote.

Mzee alikuwa amekaa kibarazani na kikombe cha chai. Alipoambiwa akashusha kikombe na kusema polepole, "Mimi niliambiwa injini imekwisha, nikaona niiuze kabla haijafa." Kumbe kilichokuwa kinafichwa kwa kupasha injini na kufuta kodi ni koili, ambayo used tuliipata Ilala kwa 40,000. Sijui aliyemwambia injini imekwisha alikuwa na nia gani, ila nahisi dalali alikuwa anamjua.

Bei tukaishusha hadi milioni 13.7. Sikushusha kwa ajili ya koili tu. Gari ikitembea muda mrefu inamisi, petroli isiyoungua huingia kwenye masega na kuyaharibu, na jaribio la masega lilikuwa bado jekundu, kwa hiyo nilikuwa nanunua nisichokijua. Mwezi uliofuata nilikwenda Morogoro na kurudi, nikapima nikiwa bado na vumbi la safari: masega kijani, P0420 (kodi ya masega kuchoka) hakuna. Nililala vizuri siku hiyo.

Upungufu wake sasa. Kimashine cha bei hii kinasoma injini tu. Breki za ABS na mifuko ya hewa hakivioni. Wiki ya pili mdogo wangu, yule yule asiyejua boneti, akaniuliza mbona taa ya mfuko wa hewa haiwaki kabisa unapoweka switchi on. Kwenye gari nzima inatakiwa iwake kidogo kisha izime. Fundi umeme akafungua dashibodi na kukuta kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa juu ya taa kwa ndani. Mashine yake kubwa ikaonyesha waya unaozunguka ndani ya usukani umekatika. Vipimo na matengenezo: 150,000. Kosa langu kabisa. Nilikuwa nimeinamia kioo cha kimashine wakati taa zenyewe ziko mbele ya macho.

Kilomita halisi nazo hakisemi. Dashibodi ilisoma 132,000 na nikaiamini kwa sababu mzee alikuwa ametunza karatasi ya Japani ya kufutia usajili, imeandikwa 71,000 wakati gari inaondoka kule. Bila karatasi ile ningebaki kukisia kwa kutazama pedali za breki na ngozi ya usukani. Giaboksi pia usikiulize. Nendeni mkaiendeshe mlimani. Na maandishi yote ni ya Kiingereza, mama yangu hawezi kukitumia peke yake.

Kwa 95,000 nakipa nyota 4. Ile moja imebaki Kinondoni.

Kwa sasa sinacho. Kipo kwa jirani yangu tangu Jumatano, anazunguka Tegeta kuangalia Noah. Nimemwandikia kwenye karatasi: joto kwanza, kilomita tangu kufutwa pili, makosa mwisho. Jana amenipigia kuuliza kama 68 ni nyingi kwa gari inayodaiwa haijawashwa tangu Jumapili.