Pea mbili za kastoriamu kutoka Kanada: moja ilikuja na ukungu, moja nimeiweka

Babu yangu alikuwa mtu wa tiba za kitabu hapa Wete, na kwenye daftari lake la dawa kuna neno nililolisoma tangu niko skuli bila ya kujua ni kitu gani: jundubadastari. Amelitia baina ya zaafarani na mvuje, kwa wino mweusi, bila ya maelezo. Mama hakulijua. Muuza dawa mmoja pale Darajani aliniambia hiyo ni dawa ya zamani, Ibn Sina, yule tabibu mkubwa wa kale, ameitaja kwenye Kanuni, kitabu chake cha tiba, lakini siku hizi haiji. Nimepika udi miaka ishirini na kitu, nimesaga singo za maarusi hata idadi sijui, na neno lile limenikaa moyoni siku zote.

Sasa najua. Ni kastoriamu, ile wanayoitia mafundi wa manukato wa Ulaya wakitaka harufu ya ngozi. Hutoka kwa biva, mnyama wa mito ya nchi za baridi, mmoja wa wakubwa wa jamii ya panya, mwenye mkia bapa kama kafi. Huangusha miti kwa meno na kuziba mto. Chini ya ngozi, karibu na shina la mkia, ana mifuko miwili ya tezi, na maji yake huyachanganya na mkojo akaweka alama ya mipaka yake juu ya vichuguu vya tope. Wazee wa zamani walidhani ni korodani, na jundubadastari, jina lenye asili ya Kiajemi, lina maana hiyo. Si kweli, jike anayo vilevile.

Mwanangu anafanya kazi Ontario. Nilimwomba anitafutie, na kwa miaka miwili ameniletea pea mbili kutoka kwa wauzaji wawili mbalimbali. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaopika udi, maana tangu kuja haya manukato ya Dubai yenye harufu ya ngozi kila mtu anaiulizia.

Pea ya kwanza ilinunuliwa kwa muuzaji wa mtandaoni, dola 48 za Kanada. Picha ilikuwa nzuri, maneno mazuri, "imekaushwa kiasili". Ilifika kwangu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa moto, haujafunguliwa. Nilipoukata kwa mkasi, kilichotangulia si harufu ya ngozi. Ilikuwa harufu ya godoro lililolowa. Nikaitoa kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye mikunjo karibu na kikonyo kinachounganisha mifuko miwili kulikuwa na ukungu mweupe kama unga wa muhogo, na upande mmoja kipande cha mafuta ya mnyama cha ukubwa wa kidole gumba kimeachwa hapohapo, kimeshachacha, kinanata. Nikabonyeza katikati: ganda gumu, ndani laini kama tende mbichi.

Niliipima. Gramu 71. Nikaifuta, nikaitundika kwenye kamba ya usumba chumba cha uani, mbali na jiko, feni inapita. Wiki mbili baadaye ilikuwa gramu 58. Yaani katika mzigo ule nililipia gramu 13 za maji. Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa jambo hili. Mkulima akipeleka karafuu haijakauka kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, anajua ataambiwa nini, na karafuu iliyolala na unyevu wake hupauka na kupoteza mafuta, hairudi tena daraja la kwanza hata uianike mwezi mzima. Hii nayo ni vivyo hivyo. Iliishia kukauka, ila ile harufu ya godoro haikutoka mpaka leo. Nilimwandikia muuzaji kwa msaada wa mwanangu, tukatuma picha. Alijibu kwamba ukungu kidogo ni kawaida. Si kawaida. Ni kazi iliyoachwa njiani.

Pea ya pili ndiyo iliyonifunza. Mwanangu alijuana na mzee mmoja mtegaji, mwenye leseni na eneo lake la kutegea kaskazini ya Ontario, akainunua kwake mkononi, dola 25. Ilikuja kwenye bahasha ya kaki, si plastiki, na juu yake mzee ameandika kwa penseli tarehe mbili: 28 Novemba siku aliyoikata, 6 Januari siku aliyoishusha. Nililia kidogo nilipoiona bahasha ile, sioni haya kusema. Mtu asiyenijua, wala hajui Pemba iko wapi, ameona ni haki yangu kujua mzigo wake umekaa siku ngapi kwenye kamba.

Nilimpigia kwa simu ya video, mwanangu akafasiri. Kazi yenyewe ni hii. Akishamchuna biva, hukata mifuko yote miwili ikiwa imeshikana, bila ya kuitoboa, kwani ikitoboka maji ya ndani humwagika na thamani imekwenda. Pembeni yake kuna tezi nyengine mbili, za mafuta. Hizo huzitenga, si kastoriamu, na zikiachwa huchafua zote. Husafisha nyama na mafuta mpaka ibaki ngozi ya mfuko tu. Kisha huipandisha kwenye waya, mfuko mmoja huku, mmoja kule, ndani ya banda lenye upepo. Hapo ndipo nilipomsimamisha, kwa sababu mimi nimekulia kwenye majamvi ya karafuu na kwetu kukausha ni jua. Akatikisa kichwa. Jua hapana, na jiko khasa hapana: joto hulipika ganda likafunga, ndani kukabaki kubichi. Ndiyo hadithi ya pea yangu ya kwanza, neno kwa neno. Kivuli, upepo, wiki nne hadi sita, na kuigeuza isigusane na jirani yake. Ikiwa tayari huwa ngumu, lakini ukiikandamiza kwa kidole gumba inakubali kidogo sana.

Mizigo yake mingi huipeleka pamoja na ngozi za manyoya kwenye mnada wa North Bay, hukohuko Ontario. Huko hupangwa kwa daraja: iliyojaa, safi, nyeusinyeusi, iliyokauka sawasawa huwa juu; iliyosinyaa, iliyopasuka au yenye mafuta hushuka. Bei ni kwa uzito, kwa hiyo kishawishi cha kuuza mbichi kipo siku zote, na wanunuzi wazoefu wanakijua.

Nikamuuliza kwa nini lazima pea, kwa nini asiniuzie mfuko mmoja. Akasema ndivyo walivyofanya wazee wake. Jawabu yake nimeikuta mbali zaidi: Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 1, aliwaonya watu wachague iliyoshikana miwili kwa asili yake, kwa sababu walaghai wa zama zile walikuwa wakijaza gundi na damu kwenye kifuko kimoja na kukikausha. Kikonyo kile hakiigiziki. Mzee wa Ontario hajamsoma Dioscorides, na anafuata sharti lake.

Yangu ya pili ilipofika ilikuwa gramu 63. Baada ya wiki mbili kwenye kamba ile ile ya usumba, 62.

Nilipoikata kwa kisu cha embe, ndani kulikuwa na hudhurungi yenye mng'ao, kama halua ya Wete iliyokaa siku mbili kwenye kikapu, imegawanywa kwa utando mwembamba tabaka kwa tabaka. Harufu yake mwanzo inasukuma: zizi, moshi, dawa. Niliiacha dakika kumi juu ya sahani nikarudi, na chumba kikawa kinanuka makubadhi mapya, na nyuma yake utamu kidogo kama tunda lililokauka. Ukali ule wa dawa una asili yake: biva hula magome, mierebi mojawapo, na ndani ya kastoriamu kuna asidi ya salisiliki, ya ukoo mmoja na aspirini. Pengine ndilo lililompa babu sababu ya kuliandika.

Na wale wa kikundi chetu cha WhatsApp wanaorushiana kwamba vanila ya keki hutoka mkiani kwa biva, tulieni. Kastoriamu iliwahi kutumika kidogo katika ladha za vyakula, lakini vanila nyingi ya dukani ni vanilini ya kiwandani.

Katika kazi: nilikata gramu 5 nyembamba, nikaziloweka kwenye mafuta ya sandali, chupa ndani ya maji ya vuguvugu siku za mwanzo, kisha kabatini miezi miwili. Mafuta yanaivuta polepole kuliko spiriti wanayotumia mafundi wa Ulaya, ila inatoka. Juu ya chetezo peke yake usithubutu, inanuka unywele ulioungua. Matone matatu kwenye sufuria ya udi wa sukari yalibadilisha kila kitu: udi ukawa na kina, na kipande cha kanga nilichokifukiza kilinuka mpaka siku ya nne. Zabadi ya ngawa ni nzito na tamu zaidi, ambari ya nyangumi ina bahari ndani yake. Hii ni kavu. Haichukui nafasi ya yoyote kati ya hizo.

Lakini udi ule sikuuuza. Kabla ya kumtilia mteja nilikwenda kwa mwalimu wangu nikamweleza ilivyokatwa. Akaniambia zabadi hukamuliwa kwa ngawa aliye hai, na hii ni kiungo kilichokatwa kwa mnyama asiyechinjwa, na hukumu yake ni ya mzoga. Maarusi wangu husali na nguo nilizozifukiza, na kanzu za Ijumaa hupita kwenye chetezo changu. Basi. Sufuria ile nimeimwaga na chupa nimeiwekea alama.

Kwa hiyo anayepika udi wa kuuza hapa visiwani, usinunue kwa ajili ya mchanganyiko. Anayetaka kuijua harufu ya asili ili aweze kupima zile za kiwandani, nunua, ila kwa mtegaji mwenyewe, mwenye kukuandikia tarehe mbili, na ukatae plastiki. Nenda kwanza ofisi ya mifugo ukaulize kibali, sehemu ya mnyama haiingii kienyeji. Kuhusu wanyama wenyewe niliuliza pia: biva wa Kanada ni wengi na huwindwa kwa msimu. Wa Ulaya ndio waliomalizwa, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 wakabaki kiasi cha 1,200, na kastoriamu hii ikiwa sababu mojawapo.

Pea ya kwanza ningeipa nyota moja, kwa uzuri wa picha. Ya mzee wa Ontario, tano.

Iliyobaki iko ndani ya chupa ya kioo yenye mchele mkavu chini na karatasi ya kaki juu yake, na masika mawili imepita salama. Anayetaka kunusa kabla ya kutoa pesa yake aje kwangu Wete baada ya alasiri, nitamkatia kipande cha ukubwa wa punje ya kunde, bure.