Jeli ya mizizi inayoachia dawa polepole, nimeijaribu kwenye vipandikizi

Jamani hii jeli nina miezi mitatu nayo, naandika kwa sababu nimeshapoteza vipandikizi vingi mno vya bogenvilia kwa ile dawa ya unga. Unachovya, unachomeka, ukimwagilia mara ya kwanza tu unga wote umeenda na maji. Hii inanata kwenye shina na kuachia IBA (homoni ya kuchochea mizizi) kidogo kidogo, na hapo ndo utamu wake ulipo maana tawi gumu kama la bogenvilia halitoi mizizi haraka, linakaa kwanza linafunga kidonda pale ulipolikata, mizizi ndo inafuata baadaye, sasa kama dawa ilishaondoka siku ya kwanza itasaidia nini?

Nilichomeka 20, kumi kwa jeli kumi kwa unga, mchanga ule ule, nailoni ile ile juu kutunza unyevu. Wiki ya sita nikavitoa: vya jeli 7 vina mizizi, vya unga 4. Najua 20 ni vichache, lakini mizizi ya jeli ilizunguka shina lote, ile ya unga ilitoka upande mmoja, na mche wa hivyo ukikua unayumba.

Kwa vitu laini kama koleasi na mnanaa msipake kabisa. Koleasi yangu ilitoa mizizi mingi ila mifupi, minene, imegoma kurefuka, na machipukizi yakachelewa. Ndo tabia ya homoni hizi, mizizi zinaianzisha vizuri sana ila zikikaa muda mrefu zinaizuia isirefuke. Laini vinaota hata kwenye glasi ya maji, ukitaka sana weka unga wenye IBA asilimia 0.1 basi.

Kinachoniudhi ni kopo, limeandikwa "polepole" bila kusema siku ngapi, na hilo ndo jambo la kwanza mtu anataka kujua! Halafu msichovye tawi moja kwa moja humo ndani, tawi moja lenye ugonjwa linaharibu kopo zima, mimina kidogo kwenye kifuniko.

Na tafadhali msiichanganye na zile punje za mbolea ya kuyeyuka polepole. Ile ni chakula, na kipandikizi bado hakina mizizi ya kulia, chumvi yake inakiunguza tu. Subiri kiote, ukihamishie kwenye mfuko, ndo uweke.

Naipa jeli hii nyota nne, na vipandikizi vya waridi nimeshavipaka jana.